Paa Bapa la Morogoro: Mtafute Mchomeleaji Kabla ya Utando

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na wenye majengo ya biashara hapa Morogoro ni hili: kwenye paa bapa tuweke utando gani, PVC, TPO au mpira wa EPDM? Wanakuja na vipeperushi mkononi na picha kwenye simu, na kila muuzaji ameshaahidi miaka 20. Msimamo wangu ni kwamba kwa mji wetu aina ya utando ni swali la tatu. La kwanza ni kama jengo lako linaufaa utando hata kidogo. La pili ni nani atakayeyachomelea maungio yake, na kama atapatikana siku yakiachia. Ukiyajibu hayo mawili kwa ukweli, la tatu huwa limebaki jepesi.

Utando ninaouzungumzia ni shuka moja la plastiki au mpira, lenye unene wa milimita 1.2 hadi 2, linalotandazwa juu ya paa lenye mteremko mdogo na kuungwa roli kwa roli mpaka liwe kitu kimoja. Chini yake hakuna tabaka la akiba. Bati lililoinama vizuri likipata tundu la msumari, maji mengi hupita juu ya tundu hilo yakikimbilia kwenye gata, na unaweza kuishi nalo miaka. Utando ukiachia sentimita mbili tu mahali maji yanaposimama, maji hayo yana usiku mzima wa kuingia. Kisha hutembea chini ya utando na kutokea kwenye dari la duka lililo mita nane kutoka kwenye kosa lenyewe. Ndiyo maana mafundi wengi huziba mahali pasipovuja.

Hali ya hewa yetu inadanganya. Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Uluguru upande wa kaskazini, na kwa mwaka tunapata mvua ya wastani tu, milimita 800 na ushei. Ukivuka mlima kwenda Kinole na vijiji vya upande wa mashariki, ambako upepo wa bahari unapanda na kumwaga mzigo wake, unakuta maeneo yanayopata zaidi ya milimita 2,000. Mwenye jengo la mjini akilinganisha hizo namba mbili anapumua. Lakini paa halifi kwa jumla ya mwaka. Linakufa kwa dakika chache za jioni ya Aprili, wingu linaposhuka kutoka mlimani. Chukua paa la mita 20 kwa 30, saizi ya kawaida ya jengo la maduka lenye ghorofa moja au mbili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya kasi ya milimita 100 kwa saa ikidumu dakika 10 inamwaga juu ya paa hilo lita 10,000, yaani tangi zima kubwa jeusi kama yale yaliyopandishwa juu ya majengo yetu. Swali ni je, maji hayo yanapitia wapi, na je, mabomba mawili ya inchi tatu uliyoyaona kwenye ramani yanayamudu?

Halafu kuna jua. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatukalia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Utando mweusi wakati huo unaweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi adhuhuri. Mwezi Machi, mvua ya kwanza ya masika inaweza kuupoza ndani ya dakika chache. Kutanuka na kusinyaa huko kunavuta kila kona, kila mkunjo na kila kiungio. Vipeperushi vilivyoandikwa kwa ajili ya Ujerumani au Marekani vinahangaika na baridi na theluji. Sisi tusome kurasa za joto.

Sasa turudi kwenye jengo lenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. Panda juu ya majengo ya biashara yaliyo kati ya Msamvu na katikati ya mji, au nenda Kihonda. Utakuta slabu ya zege yenye nondo za nguzo zimesimama kila mita nne au tano, zimeachwa kwa ajili ya ghorofa ijayo. Utakuta matangi ya maji juu ya stendi za chuma, viyoyozi vinavyodondosha maji, mlingoti wa dishi uliopigwa bolti kwenye zege, na waya za umeme zinazopita chini kwa chini. Kila kimoja kati ya hivyo ni tundu kwenye utando. Tangi na kiyoyozi vinaweza kuwekwa juu ya vitalu vilivyovalishwa utando vizuri. Lakini kundi la nondo nane zenye kutu, zilizofungwa ringi, hakuna mtu duniani anayeweza kulivalisha utando likazuia maji. Kutu itaendelea, nondo zitatikisika, silikoni itabanduka.

Kwa hiyo namwambia mteja wazi: mzee, kama una nia ya kweli ya kupandisha ghorofa miaka michache ijayo, usinunue utando. Weka kenchi nyepesi na bati la muda lenye mteremko wa kutosha, funika slabu na nondo zake zote, toa maji nje ya parapeti. Siku ya kujenga utalifungua bati na kulitumia kwingine. Kama huna nia ya kupandisha, kata nondo, ziba, sawazisha, kisha tuzungumze utando. Kinachoua majengo ni kukaa katikati: nondo zimeachwa kwa heshima ya ghorofa isiyokuja, na chini yake wapangaji wanahamisha bidhaa kila Machi.

Kuna kundi jingine, nalo ni kubwa zaidi: paa la kuficha. Mbele unaona parapeti imenyooka, nyuma yake bati limelazwa karibu bapa likimwaga maji kwenye gata la zege lililo ndani ya jengo. Mara nyingi anayelaumiwa hapo ni bati, na mwenye jengo anashauriwa kulitupa na kuweka utando juu nzima. Mara nyingi hakuna haja. Kinachovuja ni gata la ndani, lililopigwa plasta yenye saruji na dawa ya kuzuia maji ambayo imepasuka mara tu zege lilipocheza. Valisha gata hilo peke yake kwa utando uliochomelewa, upande ukutani sentimita 15 au zaidi na kuingia chini ya bati, panua midomo ya kutolea maji, na bati lako linaweza kuendelea kukaa. Ni kazi ndogo kuliko paa zima, na inahitaji fundi mzuri kuliko paa zima, kwa sababu ni kona tupu.

Tuseme jengo lako limepita mtihani huo. Slabu ni ya mwisho, nondo zimekatwa. Kinachofuata ni mteremko, na hapa nitakaa kidogo. Mwongozo wa Uingereza, BS 6229, unataka msanifu apange mteremko wa 1 kwa 40 ili baada ya makosa ya ujenzi ubaki angalau 1 kwa 80. Wahandisi wetu wanaujua. Tatizo ni kwamba mteremko huo huachwa uje kutengenezwa baadaye kwa zege la juu. Piga hesabu. Ukitoa maji upande mmoja tu, umbali wa mita 15, 1 kwa 40 inamaanisha upande wa juu utajazwa sentimita 37.5. Wastani ni karibu sentimita 19, na uzito wake ni karibu kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Paa la kutembelewa kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Umelibebesha jengo zaidi ya mara mbili na nusu ya mzigo huo kabla tone la mvua halijaanguka. Mkandarasi akiona hivyo anapunguza zege la juu, mteremko unabaki wa jina, na maji yanasimama.

Dawa yake ni rahisi ikifikiriwa mapema: shusha mirunda upande mmoja kabla ya kumwaga slabu, ili zege lenyewe lilale kwenye mteremko. Kama umeshachelewa, ongeza matundu ya kutolea maji ili kusiwe na tone linalosafiri zaidi ya mita sita au saba. Na kwa hali yoyote toboa parapeti tundu la dharura, sentimita chache juu ya usawa wa utando, mahali ambapo maji yakitoka kila mtu barabarani atayaona. Majani ya mwembe na mfuko mmoja wa plastiki vinatosha kuziba tundu la kawaida. Maji ya kina cha sentimita tano kwenye eneo la mita za mraba 100 ni tani tano.

Unyevu wa slabu nao hauulizwi. Tumezoea siku 28 kana kwamba ndiyo ukavu. Siku 28 ni za nguvu ya zege. Slabu ya sentimita 15 iliyomwagwa juu ya plastiki au bati la chuma inakauka upande mmoja tu na huchukua miezi mingi. Ukiigandishia utando kwa gundi ingali na maji ndani, jua la Oktoba litayageuza mvuke na utaona malengelenge. Kipimo chake hakihitaji maabara. Kata nailoni safi ya sentimita 45 kwa 45, ibandike juu ya slabu kwa gundi ya karatasi kingo zote nne, iache saa 16, kisha ifunue. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, subiri. Kama huwezi kusubiri kwa sababu masika yamekaribia, usigandishe. Tandaza kwanza kitambaa kizito cha jiotekstaili, weka utando juu yake, na uufunge kwa skrubu na sahani za chuma, ili mvuke upate nafasi ya kusambaa badala ya kuinua utando.

Sasa aina zenyewe. PVC imekuwa juu ya mapaa ya Ulaya tangu miaka ya 1960. Inachomeleka vizuri kwa hewa moto na inavumilia mafuta, kwa hiyo jengo lenye mgahawa, ambako bomba la moshi wa chipsi na kuku linatokea paani, mimi huelekea huko kwanza. Udhaifu wake ni vilainishi vilivyomo ndani, vinavyoweza kuhama. Marekani iliona matokeo yake: PVC za mwanzo zisizokuwa na nyuzi za kuimarisha zilipoteza vilainishi, zikasinyaa na kukakamaa, na baadhi zikapasuka paa zima kwa mara moja, hadi chama cha makandarasi wa mapaa na chama cha watengenezaji wakatoa tahadhari ya pamoja mwaka 1990. Kwa hiyo dai nyuzi. Kata kona ya sampuli kwa wembe uzione, kisha tazama unene wa plastiki iliyo juu ya nyuzi hizo, kwa sababu hiyo ndiyo inayoliwa na jua. Roli mbili zinaweza kuitwa milimita 1.5 zote, moja ikawa na plastiki ya juu nene na nyingine ikawa na nyembamba, unene wake ukiwa umefichwa chini ya nyuzi. Na kamwe usiilaze PVC moja kwa moja juu ya lami ya zamani wala juu ya foamu nyeupe ya polistirini. Vyote viwili vinaivuta vilainishi. Mapaa mengi ya mjini kwetu yana lami iliyochomwa kwa gesi, na kitambaa cha kutenganisha kinachoachwa ili kuokoa fedha ndicho kinachoharibu kazi yote.

TPO ni changa zaidi, ya miaka ya 1990. Haina vilainishi vya kuhama, nayo inachomelewa kwa hewa moto. Michanganyiko ya mwanzo ilionyesha kuchoka mapema mahali penye joto kali, na watengenezaji wamebadilisha viungo tangu hapo. Kwa nchi ya jua kama yetu hilo si jambo la kupuuza: nunua nene, milimita 1.5 kwenda juu, na uombe cheti kinachotaja kiwango chake kwa namba. TPO ni ASTM D6878, PVC ni ASTM D4434, EPDM ni ASTM D4637. Za Ulaya zitataja EN 13956. Karatasi isiyo na namba hizo usiichukulie kuwa cheti.

EPDM, yaani mpira, ina historia ndefu tangu miaka ya 1960 na inahimili jua kuliko wengi wanavyodhani. Lakini maungio yake hayachomelewi. Yanagundishwa kwa tepu na kimiminika cha kuandalia, na vumbi la Kihonda la mwezi wa Septemba ni adui wa gundi yoyote. Mafuta ya kupikia huivimbisha. Hata hivyo kuna jengo moja ambalo ningeliwekea mpira bila kusita: dogo, la mita 10 kwa 14 hivi, zahanati au ofisi isiyo na jiko. Mpira huu hutengenezwa kwa upana unaofika mita 15, kwa hiyo shuka moja linafunika paa zima bila kiungio hata kimoja katikati. Litakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, utahitaji watu wa kutosha kulipandisha, na weusi wake utakuletea joto jioni, slabu inapoanza kulitoa ililolihifadhi mchana. Utando mweupe mpya hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga wa jua, mweusi haufikishi sehemu moja ya kumi. Jengo lenye viyoyozi litauona utofauti huo kwenye luku. Ila weupe huo uoshwe kila mwaka. Ukiuacha na vumbi na ukungu umelipia kitu ambacho hukitumii.

Hayo yote, kama nilivyosema, ni swali la tatu. La pili ni mtu anayeshika mashine. Tazama kiungio kinavyochomelewa. Shuka moja linalala juu ya jingine, mashine inapita katikati ikipuliza hewa ya mamia ya nyuzi joto, na gurudumu linakandamiza nyuma yake. Vitu vitatu lazima vikae sawa kwa wakati mmoja: joto, mwendo na mgandamizo. Mashine inayojiendesha yenyewe inakula karibu kilowati 4. Sasa fikiria imechomekwa kwenye soketi ya duka la chini, waya wa kuongezea una urefu wa mita 50 na ni mwembamba, na umeme wa mtaa unashuka saa moja jioni kila mtu anapowasha taa. Joto linaanguka, macho hayaoni chochote, kiungio kinaonekana kimelala safi. Kimeshikana juu juu tu. Masika yakija kinafunguka kama bahasha.

Kwa hiyo jenereta ya kutosha, peke yake kwa ajili ya mashine, iandikwe kwenye mkataba. Kipande cha majaribio kichomelewe asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kila umeme unapokatika au upepo unapobadilika. Kipande hicho kikatwe ukanda wenye upana wa sentimita mbili na nusu na kuvutwa kwa koleo. Kiungio kizuri hakiachii kwenye mstari wa kuchomelea. Plastiki yenyewe inachanika mpaka nyuzi zinaonekana. Kikibanduka laini, kazi ya tangu kipimo kilichopita irudiwe. Baadaye, kikishapoa, mtu apite kila mita ya kila kiungio akiburuza ncha butu ya bisibisi ukingoni, akitafuta mahali inapozama. Ni kazi ya kuinama mchana kutwa juani, na ndiyo inayolifanya paa liwe paa.

Wachomeleaji wa namna hiyo Morogoro ni wachache, na wengi huja kutoka Dar es Salaam kwa kazi moja na kuondoka. Hapo ndipo ushauri wangu unapowakera wauzaji: kama aliye karibu nawe, aliyefundishwa na mwenye mashine yake, anaijua PVC, nunua PVC nzuri, hata kama TPO uliyoonyeshwa ina sifa zaidi kwenye karatasi. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Kihonda. Waagizaji wa tando hizi wakileta mashine mbili na roli kadhaa za mafunzo, mji huu utapata mafundi wake ndani ya msimu mmoja, na wao watauza zaidi. Ninawaomba walifanye hilo, kwa sababu kila paa linalovuja linawafundisha watu mia kwamba utando haufai, wakati kilichoshindwa ni kiungio.

Kabla ya kupokea kazi, ziba matundu ya kutolea maji kwa muda, jaza maji ya sentimita tano na uyaache saa 24 hadi 48, baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba slabu inabeba kilo 50 zaidi kwa kila mita ya mraba. Tundu la dharura nalo lizibwe kwa muda huo, lakini mtu akae paani kwa zamu, maana mvua ikija juu ya maji yaliyokwishajaa mzigo unapanda haraka. Waombe mafundi pia mabaki ya roli zilizotumika, yahifadhiwe kivulini. Kiraka cha miaka ijayo kitashika vizuri zaidi kikitoka kwenye plastiki ile ile.

Kisha soma dhamana. Dhamana ya mtengenezaji ya miaka 20 mara nyingi inahusu shuka lenyewe, inadai fundi aliyeidhinishwa naye, na inaweza kuyatenga maji yanayosimama, ambayo ndiyo tatizo lenyewe. Kinachokulinda zaidi ni fedha ya zuio iliyobaki kwako na kipindi cha kurekebisha kasoro kilicho kwenye mkataba wako na mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Wengi huandika miezi sita kwa mazoea. Kazi ikikabidhiwa Juni, miezi sita inaisha Desemba: paa limeona kiangazi na vuli ya juu juu, fedha ya zuio imelipwa, na masika hayajafika. Andika miezi 12, na uandike pia kwamba haiishi kabla ya tarehe 31 Mei inayofuata, ukaguzi wa pamoja ufanyike paani wiki hiyo, mkandarasi akiwa na bisibisi yake na wewe ukiwa na ramani ya kila mahali palipowahi kuonekana unyevu kwenye dari.